Kifuta Machozi

Katika lugha yetu malipo yana majina mengi, na kila jina lina adabu yake. Aliyefanya kazi hupewa ujira. Aliyekopesha hurudishiwa deni lake. Aliyesaidia bila kuagana bei hupewa kifuta jasho. Aliyefiwa hupelekewa rambirambi. Aliyedhulumiwa hulipwa fidia, na aliyeuliwa ndugu yake hulipwa dia. Halafu kuna kifuta machozi, nacho aghalabu hutolewa na mtu asiyetaka kusema kwamba yeye ndiye aliyeliza. Maneno haya nimeyaandika ubaoni kwa miaka 38, mkono umejaa chaki, nikidhani ninafundisha msamiati tu.

Mwezi wa Novemba mwaka 2023 nikagundua kuwa hata mimi mwenyewe sikuwa nimelielewa somo. Tarehe 1 ya mwezi huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa kwetu Songea. Akaenda kwenye Makumbusho ya Majimaji, akasimama mahali walipozikwa mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, akakutana na watu wa ukoo wa Nduna Songea Mbano, ambaye kichwa chake kinaaminika kuwa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wazee wetu, na akaahidi kuwa watasaidia kukitafuta kichwa hicho. Siku hizo hizo Mfalme Charles wa Uingereza alikuwa Kenya. Yeye alisema ana huzuni kubwa na majuto kwa mateso ya wakati wa kupigania uhuru, lakini neno la kuomba msamaha hakulitamka.

Jioni ile barazani kwetu palichemka. Barazani kwetu ni chini ya mwembe, mkabala na duka la sukari na mafuta ya taa, na wanaokaa hapo ni wastaafu watano au sita, pamoja na vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria. Mmoja wa vijana hao alinigeukia akaniuliza, "Mwalimu, sasa huyu mzee akishasema samahani, sisi tunapata nini?" Wazee wakamkemea kwa tamaa. Mimi nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu lile swali si la tamaa hata kidogo. Ni swali la mila. Kwetu mtu akikosa haji na mdomo mtupu. Huja na mtu mzima wa kumsindikiza, na mkononi ana jogoo au kamba ya mbuzi. Anayekuja na maneno peke yake husikilizwa, hupewa kigoda na maji ya kunywa, lakini shauri lake huhesabiwa kuwa halijafika.

Ndugu msomaji, sina budi kueleza nilikokaa mimi katika shauri hili, maana si vizuri mtu kuhukumu kesi huku ameficha kwamba washitaki na washitakiwa wote ni jamaa zake.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtoto mdogo vita vya Majimaji vilipofika Ungoni. Vita hivyo vilianza mwezi wa Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, ambako watu walichoshwa na kulimishwa pamba ya serikali kwa nguvu. Vikaenea kusini yote kama moto wa kiangazi. Sisi shuleni tulifundisha habari ya Kinjikitile wa Ngarambe na maji yake, tukafundisha bunduki na mikuki, na watoto walipenda. Bibi hakuwahi kunisimulia bunduki hata siku moja. Alinisimulia maghala. Wajerumani walipoona kwamba vita vya msituni haviishi, waliamua kutumia njaa. Wakachoma vijiji, wakachoma ghala za chakula na mashamba, wakachukua mifugo. Bibi alisema moshi wa mahindi yanayoungua unanukia vizuri, na kwamba hilo ndilo lililowatia watoto wazimu. Walikuwa watoto watano kwa mama yao. Wakachimba mizizi, wakala majani na ngozi zilizolowekwa. Njaa ilipokwisha alikuwa amebaki yeye.

Upande wa Wajerumani idadi ya waliouawa inajulikana hadi mtu wa mwisho: Wazungu 15 na askari Waafrika 389. Upande wetu Wajerumani wenyewe walikadiria watu 75,000, na wanahistoria wetu wamefikisha hadi 250,000 au 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Nimefundisha hesabu miaka mingi na sijapata kuona jumla nyingine yenye shaka ya watu laki mbili. Lakini ndivyo ilivyo. Wale waliolipwa mshahara waliandikwa majina daftarini. Wenye maghala yaliyochomwa hawakuandikwa popote.

Sasa upande wa pili. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Mjerumani. Wakati wa Majimaji alikuwa bado mtoto, lakini alipopata nguvu aliingia jeshini, na katika vita vya 1914 hadi 1918 alitembea na jeshi la Lettow-Vorbeck mpaka Msumbiji na kurudi. Vita vilipokwisha Mjerumani alikuwa ameshindwa, hana koloni, na mishahara ya askari ikabaki hewani. Babu aliondoka na karatasi. Karatasi ile aliitunza katika kopo la bati kwa zaidi ya miaka arobaini, na sisi watoto tulimcheka. Basi, katika miaka ya 1960 serikali ya Ujerumani Magharibi ikaamua kuwalipa askari wale wazee waliokuwa bado hai. Babu akaoga, akavaa kanzu, akapanda basi na kopo lake. Aliporudi alikuwa na fedha. Akanunua blanketi mbili, kondoo mmoja, na sare zangu za shule pamoja na ada yangu ya shule ya kati. Blanketi moja akampelekea bibi, kwa heshima ya ukwe.

Bibi aliipokea kwa mikono miwili kama desturi inavyotaka. Akaikunja, akaiweka juu ya dari, na mpaka anafariki mwaka 1974 hakuna aliyeifunika. Panya waliimaliza.

Ninaposikia watu wakisema kwamba mambo ya miaka mia moja hayawezi kulipwa, namkumbuka babu na kopo lake. Yaliwezekana. Serikali ile ile, ikiwa imebadilika jina na bendera mara tatu, iliona aibu kumdai mzee mmoja aliyeibebea bunduki, ikafungua hazina. Aibu hiyo haikufika hadi kwa mwenye ghala. Na mimi, ambaye nimetoka tumboni mwa pande zote mbili, sare yangu ya kwanza isiyo na kiraka ilitoka kwenye mfuko huo. Barazani nilipolisema hili, rafiki yangu mmoja, mhasibu mstaafu, alinipiga begani akasema, "Kumbe wewe Mwalimu umekwisha kulipwa! Utoke kwenye foleni."

Watu waliosoma sana huleta hoja nyingi dhidi ya fidia, na nyingine si za kupuuzwa. Husema waliotenda wamekufa na waliotendwa wamekufa. Husema hata miongoni mwetu wamo waliouza na waliochoma. Na hili mimi nimekwisha kulikiri. Husema fedha zikija zitaishia kwenye magari ya wakubwa. Hoja hii ya mwisho ndiyo inayopigiwa makofi mengi barazani, nami siwezi kuapa kuwa ni ya uongo. Lakini mdaiwa hana ruhusa ya kuitumia. Mtu aliyekukopa ng'ombe hawezi kukataa kumrudisha kwa sababu amesikia wanao ni walevi.

Tena historia inaonyesha kwamba ugumu wa hesabu hautokei kila mara. Hutokea kulingana na nani anadai. Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake, kwa sheria ya mwaka 1833, ilitenga pauni milioni 20 za fidia, fedha nyingi mno kwa siku zile, ikawalipa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa hata senti. Mkopo uliochukuliwa kwa kazi hiyo na madeni yake ya baadaye ulimalizika kulipwa mwaka 2015. Haiti nayo, iliyojikomboa kwa damu yake, ililazimishwa na Ufaransa mwaka 1825 kukubali kulipa faranga milioni 150, baadaye zikapunguzwa hadi milioni 90, ili kuwafidia mabwana waliopoteza mashamba, na watu vilevile. Yaani mtu amekimbia kutoka kwa mwizi wake, kisha anatumiwa ankara. Katika hayo yote hakuna aliyesema mambo ni ya zamani, wala kwamba hesabu ni ngumu. Makarani walikaa wakahesabu mtumwa mmoja mmoja, kwa umri na kwa ufundi.

Kwa majirani zetu wa Kenya kulitokea jambo linalostahili kutazamwa kwa utulivu. Wazee wachache wa Mau Mau walikwenda mahakamani London, wakadai kwa mateso waliyofanyiwa kizuizini katika miaka ya 1950. Serikali ya Uingereza ilijitetea kwanza kwamba deni kama lipo lilirithiwa na serikali ya Kenya siku ya uhuru, mahakama haikukubali. Ikajitetea kwamba muda umepita mno. Mwaka 2012 hilo nalo likashindwa. Wakati kesi ikiendelea yakaibuka majalada yaliyokuwa yamesafirishwa kutoka makoloni na kufichwa huko Uingereza. Mwezi wa Juni 2013 serikali ile ikatangaza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, gharama za mawakili zikiwamo. Mnara wa kumbukumbu ukajengwa Nairobi, katika Bustani ya Uhuru. Lakini wengine zaidi ya 40,000 walipofuata nyuma na madai yao, mwaka 2018 mahakama iliwaambia wamechelewa. Mimi huwafikiria sana hawa 40,000. Maumivu ni yale yale na mlango ni ule ule. Wametofautiana na wenzao kwa siku ya kubisha hodi tu.

Na Namibia? Huko Wajerumani waliwaangamiza Waherero na Wanama kati ya mwaka 1904 na 1908, miaka ile ile ya Majimaji yetu. Mwezi wa Mei 2021 Ujerumani ilikubali kuyaita mambo hayo mauaji ya kimbari kwa lugha ya leo, ikaahidi euro bilioni 1.1 za miradi kwa muda wa miaka 30, lakini ikajitahidi isiziite fidia. Viongozi wengi wa Waherero na Wanama wakazikataa, wakisema mazungumzo yalifanyika kati ya serikali na serikali bila wao kuketishwa mezani. Wapo wanaoona ajabu, watu kukataa bilioni kwa ajili ya jina. Mimi sioni ajabu. Nilimwona bibi na blanketi.

Hapa ningeweza kuishia, nikaonekana mtu wa haki. Lakini kuna habari nyingine ambayo imenikalia kooni tangu zamani, na mke wangu ameniambia kwamba nisipoiandika katika kitabu hiki nisiandike habari ya fidia kabisa.

Mwaka 1981 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi. Siku hizo za Elimu ya Kujitegemea shule ilikuwa na shamba, na mahindi yaliwekwa stoo. Magunia manne yakapotea. Kijana mmoja wa darasa la saba alionekana karibu na stoo jioni, na kwao walikuwa maskini, nami nikaona ushahidi huo unatosha. Nilimchapa viboko mbele ya mstari wa asubuhi, shule nzima ikitazama, kisha nikamfukuza. Zilikuwa zimebaki wiki tano kabla ya mtihani wa kumaliza. Hakuufanya. Mwaka uliofuata ilijulikana bila shaka yoyote kwamba magunia yaliuzwa na mtu mzima aliyekuwa na ufunguo. Mtu huyo alihamishwa kimyakimya. Kijana hakuitwa. Nilijiambia kwamba mwalimu mkuu akiomba radhi kwa mtoto, nidhamu ya shule nzima itaporomoka. Nilijiambia pia kwamba amekwisha kusahau. Watoto husahau, nilisema.

Mwaka 2009, karibu na kustaafu, nilikwenda kuagiza meza kwa fundi seremala. Alipoinua uso kutoka kwenye randa nikamtambua. Yeye alikuwa amenitambua tangu nilipokuwa nikivuka barabara. Akaniita Mwalimu, akanifutia vumbi kwenye benchi. Sikuweza kuagiza meza. Nilimwambia palepale, mbele ya vijana wake wawili: nilikuonea, na nilijua mwaka uliofuata kwamba nimekuonea, na nilinyamaza. Naomba radhi.

Alikaa kimya muda mrefu, akipitisha kidole kwenye ubao kutafuta mikwaruzo. Kisha akasema, "Nimesikia, Mwalimu. Mwanangu anaanza sekondari Januari."

Nakiri kuwa niliondoka nimekasirika. Nilikuwa nimebeba maneno yale miaka 27, nikayatoa kwa shida kama mtu anayeng'oa jino, naye akayageuza kuwa karo. Nilimweleza mke wangu kwa hasira. Yeye alikuwa akichambua mchele, wala hakuinua kichwa. "Wewe ulitaka akupe nini?" aliniuliza. "Ulikwenda pale ukapumue?"

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikwenda nipumue. Msamaha wangu ulikuwa dawa ya usingizi wangu mwenyewe, na yeye alikuwa amenikumbusha, kwa heshima zote, kwamba kuna mtu mwingine katika shauri hili, ambaye amepoteza kitu kinachotajika kwa jina. Januari 2010 nilipeleka ada, sare na madaftari. Nikafanya hivyo miaka minne, kutoka katika kiinua mgongo na pensheni, na mara mbili nilichelewa. Kila nilicholipa nilikiandika katika daftari. Kijana alipomaliza kidato cha nne mwaka 2013 nilimpelekea baba yake lile daftari, tukae tulifunge pamoja. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa, kwa adabu. Akashukuru. Akaniuliza, "Na mtihani wangu umeuandika wapi, Mwalimu?"

Sikuwa nimeuandika. Haukuwa na bei, kwa hiyo sikujua niuweke safu gani. Hata hivyo hakunirudishia ada, nami sikuona kwamba ilikuwa kazi bure. Mtoto yule amesoma. Yote mawili ni kweli, na nimekwisha kuacha kujaribu kulifanya moja lilifute jingine.

Kwa sababu hiyo, siku hizi nikiwasikia wasomi wakisema kwamba fedha haziwezi kulipia roho za watu, husikiliza kwanza ni nani anasema. Akisema aliyefiwa, namvulia kofia. Akisema anayedaiwa, najua anatafuta mlango wa nyuma. Na wanaposema vijana wa bodaboda kwamba tulipwe tu, mambo yaishe, nawaambia hilo la kuisha wasilitie katika mkataba. Mkwawa alikufa mwaka 1898. Kichwa chake kikadaiwa katika Mkataba wa Versailles mwaka 1919, kifungu cha 246. Kikarudi Kalenga mwaka 1954. Na hicho kilikuwa na mataifa makubwa nyuma yake. Cha Mangi Meli, aliyenyongwa Moshi mwaka 1900, wajukuu zake wamekitafuta Berlin kwa kupima vinasaba. Mwaka 2023 akapatikana mshauri wake mmoja aliyeitwa Akida, na wengine kadhaa ambao jamaa zao wa leo walitambulika, kati ya mafuvu kama 1,100 yaliyochunguzwa kutoka Afrika Mashariki. Meli mwenyewe bado. Nduna Songea bado. Umoja wa Afrika umeufanya mwaka 2025 kuwa mwaka wa haki na fidia kwa Waafrika, na mikutano imefanywa, na hotuba zipo.

Mhasibu wetu amependekeza kwamba badala ya kubishana chini ya mwembe, kila mmoja aandike orodha ya kilichopotea kwao, maana hakuna deni linalodaiwa bila hati. Vijana wamefurahia jambo hilo kuliko tulivyotarajia. Mmoja anaandika kwenye simu yake. Kwa ukoo wa mama yake amepata ng'ombe 11 na majina ya watu sita.

Nami nimenunua daftari jipya. Nimeandika ghala la baba yake bibi, ambalo alilieleza mara nyingi kiasi kwamba naweza kulichora: la miti na udongo, mlango wake upande wa mashariki. Nikaandika ndugu zake waliokufa njaa. Walikuwa wanne. Majina ya wawili alikuwa akiyataja alipokuwa akitwanga, ndiyo maana ninayo. Ya wale wengine sikuwahi kumwuliza.

Nimeacha mistari miwili wazi.